Seva ya ghala la dagaa Kigoma inaugua kwa tarehe zake. Wataalamu wa databesi piteni hapa

#1 Fundi wa Mwanga

Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana mwenye mali simu yake haikauki.

Nipo Kigoma mjini, kazi yangu kompyuta na mitandao midogo ya maofisini. Kuna Hajji mmoja ana ghala jirani na mwalo wa Kibirizi. Anapokea dagaa, anapima, analipa, mzigo unaondoka kwa malori au kwa behewa. Ghala zima linategemea seva moja ya mnara iliyokaa kwenye kona ya ofisi ya mhasibu, juu ya kreti la soda. Ndani yake kuna mfumo endeshi wa Ubuntu 12.04, databesi ya MySQL 5.5 na programu ya ghala iliyoandikwa kwa PHP 5.3. Najua, najua. Ubuntu hiyo iliachwa kuhudumiwa Aprili 2017 na MySQL 5.5 ikafuata Desemba 2018. Aliyeuandika mfumo alishahama mji na simu hapokei, ila faili zote za PHP ninazo.

Dalili sasa. Asubuhi mpimaji wa kwanza akibonyeza "hifadhi" kwenye kompyuta ya mizani anakutana na kosa 2006, eti seva haipo. Akifunga programu na kuifungua tena, mambo yanakwenda. Umeme ukikatika ghafla, jedwali la wateja linagoma kufunguka, kosa 145, mpaka nikalitengeneze kwa `REPAIR TABLE`. Hayo mawili nimeyazoea.

Yaliyonileta hapa ni haya. Kuna siku mfumo unagoma kutoa risiti asubuhi nzima. Unadai namba ya risiti ilishatumika, kosa 1062, na mhasibu anaapa hajawahi kuiona risiti yenye namba hiyo. Vijana wa mizani wamegundua kwamba ukibonyeza sana, mwishowe inakubali. Ikifika kama saa tatu, MySQL inazimika na kujiwasha yenyewe. Saa nne hivi watu wote wanatolewa nje ya mfumo kwa mpigo, na wakiingia tena kila kitu kizima. Jioni hesabu hazilingani: pesa imetoka, dagaa wapo ghalani, lakini ripoti ya siku ile haina upimaji wa asubuhi.

Logi ya MySQL hainisaidii. Tarehe zake zimevurugika kiasi kwamba huwezi kujua lipi lilitangulia lingine. RAM nimeipima kwa memtest usiku kucha, safi. Kebo za diski nimebadilisha. Siku nilizoandika kwenye daftari ni 1 Machi, 30 Machi na hii juzi ya 29 Aprili 2024.

Hajji ameanza kuulizia wataalamu wa aina nyingine kule Ujiji, wale wa ubani na maji ya waridi. Kwa hiyo nina haraka. Mnasemaje?

#2 kimya_kingi

Mkuu hiyo si seva, hiyo ni marehemu anayepumua. Chomoa data, jenga mfumo mpya mtandaoni, kwisha habari.

#3 Fundi wa Mwanga

Ningetamani. Mfumo wote umejaa zile fanksheni za `mysql_` ambazo PHP 7 iliziondoa tangu Desemba 2015, kwa hiyo kuupeleka kwenye seva ya kisasa ni sawa na kuuandika upya. Na intaneti ya ghala ni modemu moja ya laini ya simu. Modemu ikikosa mtandao saa moja asubuhi, wenye mizigo wamepanga foleni mpaka getini, utawaambia nini?

#4 Reli ya Kati

Salamu kutoka Tabora. Nimehudumia mifumo ya umri huo kwenye vyama vya ushirika huku, ngoja tupunguze kelele kwanza.

Kosa 2006 la asubuhi lisikusumbue. MySQL ina kitu kinaitwa `wait_timeout`, na kawaida yake ni sekunde 28800, yaani saa nane. Programu ya mizani inaachwa wazi tangu jioni, muunganisho unakaa kimya usiku kucha, seva inaukata. Asubuhi programu inajaribu kuongea kwenye laini ambayo upande wa pili ulishakatwa. Ama uifanye programu iunganishe upya, ama uwaambie vijana waifunge jioni.

Kosa 145 ni kwa sababu jedwali la wateja bado ni MyISAM, injini ya zamani ya MySQL ya kuhifadhi data. Injini hiyo haina namna ya kujirudisha baada ya kuzimika ghafla. Kabla ya toleo la 5.5 ndiyo ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo mfumo wako una majedwali ya enzi mbili humo ndani. Lihamishie InnoDB, injini iliyoichukulia nafasi, kwa `ALTER TABLE wateja ENGINE=InnoDB`, ila angalia kwanza kama lina faharasa ya FULLTEXT (ya kutafuta maneno), maana InnoDB ya 5.5 haiijui.

Hilo la 1062 ndilo tamu. Weka hapa maneno ya kosa kama yalivyo, usiyafupishe.

#5 Mwarobaini75

Mimi siendi mbali. Pesa imetoka, ripoti haina. Mtu wa ndani huyo. Mnahangaika na seva wakati mwizi anakunywa chai ofisini.

#6 Fundi wa Mwanga

Mwarobaini, dagaa wamo ghalani na uzito unalingana na karatasi za mizani. Mwizi gani anaiba ripoti anaacha mzigo?

Reli ya Kati, hili hapa, nimelinakili kwenye logi ya mfumo:

`Duplicate entry '20100101-0001' for key 'namba_risiti'`

Linalofuata ni `20100101-0002`, kisha 0003, linaendelea hivyo hivyo. Nimeingia kwenye PHP kuona namba inavyoundwa. Nusu ya kwanza ni tarehe ya siku. Nusu ya pili ni mfuatano, ila hausomwi kwenye jedwali, unasomwa kwenye kijifaili kimoja ambacho kinaanza 0001 kila tarehe inapobadilika.

#7 Reli ya Kati

Basi kosa lenyewe limeshakuambia. Seva yako asubuhi hizo inaamini leo ni 1 Januari 2010.

Na hapo unaelewa kwa nini wakibonyeza sana inakubali. Kuna siku nyuma ambayo seva ilirudi 2010 kwa mara ya kwanza, ikatoa risiti kadhaa bila kelele kwa sababu namba hizo hazikuwa na mwenyewe. Safari ya pili kijifaili kimeanza tena 0001, kimegongana na zile za kwanza. Kila wanapobonyeza, mfuatano unapanda moja, mpaka wazivuke zote za zamani. Ripoti ya jioni haina upimaji wa asubuhi kwa sababu upimaji huo umeandikwa mwaka 2010. Tafuta:

`SELECT COUNT(*) FROM upimaji WHERE tarehe < '2011-01-01';`

#8 Fundi wa Mwanga

Zipo! Rekodi zote "zilizopotea" zimelala 2010.

Lakini hapa ndipo ninapokwama, mkuu. Kila nikiitwa, nikiandika `date` saa ni sahihi. `hwclock`, yaani saa ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), nayo sahihi. Nimeizima na kuiwasha mbele yangu, saa haikuyumba. Umeme ulikatika katikati ya Aprili zaidi ya mara moja, na asubuhi zilizofuata hakukuwa na 2010. Kama ni saa ya mazabodi, kwa nini ife siku moja ya mwezi na siku nyingine iwe nzima?

#9 Mtu wa Ziwa

Samahani nachomekea. Mnajua kwamba ukifika Kagunga mpakani simu inashika mnara wa Burundi na saa inarudi nyuma saa nzima? Wenzetu wa Burundi na mashariki ya Kongo wapo saa moja nyuma yetu. Isije ikawa ghala lina watu wanaopima huko kwa tableti.

#10 Fundi wa Mwanga

Wapo, na umenitatulia jambo ambalo hata sikulileta hapa. Kuna mizigo ya Kagunga huonekana imepimwa kabla boti haijafika. Tableti nimezifunga kwenye saa za Dar es Salaam, zisifuate mnara. Ila hiyo ni saa moja tu, ndugu yangu. Hii nyingine inaruka miaka kumi na minne.

#11 MamaDagaa

Mimi si mtu wa kompyuta. Nilikuja jukwaa hili kuulizia laptopu ya mwanangu nikaukuta uzi, nikausoma wote kwa sababu ya neno dagaa.

Hizo tarehe zako, mwanangu, mbona zinajieleza? Idi tumeswali Jumatano 10 Aprili. Hesabu wiki mbili kutoka mwandamo, unaangukia tarehe 23, 24, mbalamwezi yenyewe. Mbalamwezi wavuvi hawaendi. Taa haina kazi, ziwa lote linang'aa na dagaa wametawanyika. Ongeza siku tano au sita mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka, ndipo vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinarudi majini. Hiyo ndiyo 29 Aprili yako. Rudi nyuma, 30 Machi ni vilevile. 1 Machi ni vilevile. Zote ni asubuhi za kwanza za giza.

Muulize Hajji siku za mbalamwezi ghala lake linafanya nini.

#12 Mwarobaini75

Haya sasa, seva inafuata mwezi. Wa ubani na wabaki.

#13 Fundi wa Mwanga

Mama, shikamoo. Nimetoka ghalani sasa hivi.

Mbalamwezi ghala linafungwa. Mpimaji wa mwisho akishaondoka, mlinzi anashusha swichi kuu ya jengo zima, agizo la Hajji mwenyewe, uniti za LUKU zisiliwe bure na majokofu na taa za nje. Hakuna aliyeona haja ya kunitajia, kwao ni kama kufunga mlango. UPS inashika dakika chache, inalia, inakufa. Seva inakaa siku kadhaa bila tone la umeme.

Nimeifungua. Vumbi lenye harufu ya dagaa, sitalielezea. Pale kwenye mazabodi kuna ile betri ya duara ya CR2032 inayolinda saa mashine ikiwa haina umeme. Inatakiwa kuwa volti 3. Multimita imesoma chini ya volti 2. Imo humo tangu mashine inunuliwe.

Ndiyo maana mbele yangu haikosei. Nikiizima kwa kitufe waya wa ukutani bado umechomekwa, na pawa saplai inaendelea kuipa mazabodi umeme kidogo unaotosha kushikilia saa. Umeme wa mji ukikatika kwa nusu saa, chaji iliyobaki kwenye ile betri inavumilia. Siku kadhaa za swichi kuu haiziwezi. Asubuhi ya kwanza ya giza mlinzi anapandisha swichi, seva inaamka, na bayosi, ile programu ya mazabodi ya kuwashia mashine, inaipa tarehe pekee inayoijua, 1 Januari 2010, saa sita usiku.

Halafu kwa nini nikifika nakuta saa ni sahihi: modemu inafungiwa kwenye droo ya mhasibu, vijana wasimalize bando. Mhasibu anafika saa nne. Akiichomeka tu, Ubuntu hii ina skripti inayoita `ntpdate`, amri ya kuchukua saa sahihi mtandaoni, mara mtandao unapopanda, na saa inaruka kutoka 2010 hadi leo. PHP nayo inahesabu dakika 24 za ukimya kabla ya kumtoa mtu. Ghafla kila mmoja anaonekana amekaa kimya miaka kumi na minne, wote nje. Mimi naitwa saa tano, nakuta mgonjwa ameshapona.

Betri mpya haifikii hata bei ya sahani ya migebuka.

#14 kimya_kingi

Nimekubali. MamaDagaa apewe mshahara wa mkuu wa TEHAMA.

#15 Reli ya Kati

Kazi nzuri, na mama ametufundisha. Ila usifunge uzi. Hujasema MySQL inazimwa na nini saa tatu asubuhi. Saa mbovu haiangushi databesi. Sasa logi ina tarehe za kuaminika, kaa nayo siku chache. Na zile za zamani zilizoandikwa 2010 usizitupe, zisome kwa kuhesabu kwamba saa sita usiku ya 2010 ni saa moja asubuhi ya kweli.

#16 Fundi wa Mwanga

Wakuu, nimerudi, na afadhali ingekuwa uchawi.

Nimefanya kama alivyosema Reli ya Kati. Kwa saa za kwake yenyewe, MySQL haijawahi kuanguka ovyo. Inaanguka saa nane usiku. Kila mara. Zile za saa tatu asubuhi nazo ni saa nane usiku ya 2010: imewashwa saa moja asubuhi ikidhani ni saa sita usiku, saa mbili baadaye kwa hesabu yake ni saa nane, na saa nane kuna kazi kwenye `cron`, ratiba ya kazi za seva zinazojiendesha.

Bakapu.

Yaani siku za kwanza za giza bakapu ya usiku ilikuwa inakimbia saa tatu asubuhi, mizani zote zikiwa kazini. Siku nyingine inakimbia usiku wakati hakuna mtu, MySQL inaanguka, inajiinua, asubuhi hakuna anayejua. Tarehe zilipovurugika, maanguko yale yale yakaonekana kama matukio yasiyohusiana.

Kosa lililoandikwa na bakapu yenyewe ni 2013, muunganisho umekatika katikati ya kusoma jedwali la upimaji. Kila mara kwenye eneo lile lile la jedwali, rekodi za 2019. Na logi ya InnoDB inasema ukurasa fulani hesabu yake ya uhakiki hailingani.

Kisha nikafungua `/proc/mdstat`, panapoonyesha hali ya diski. Seva ina diski mbili zenye data ile ile, moja ikifa nyingine ishike. Badala ya `[UU]` nikaona `[U_]`. Moja imekufa zamani. Mfumo ulikuwa ukituma barua pepe za tahadhari kwa `root`, kwenye sanduku ambalo halina msomaji. Na hii iliyobaki `smartctl`, amri ya kupima afya ya diski, inaonyesha mstari wa 197 umeanza kuhesabu, sekta zinazosubiri hukumu.

#17 Mwarobaini75

Kwani si una bakapu? Rudisha.

#18 Fundi wa Mwanga

Hapo ndipo pabaya. Skripti inafuta bakapu zenye zaidi ya siku 14. Maanguko haya yana zaidi ya siku 14. Nimefungua zote zilizopo: kila moja imekatikia kwenye upimaji wa 2019. Majedwali yanayokuja baada ya hapo hayamo kabisa. Zile zilizofanywa asubuhi za 2010 hata kuziona sikuziona. Usiku uliofuata skripti ilizikuta zina umri wa miaka kumi na minne ikazifagia.

Na `cron` haikuwahi kulalamika. Mstari wenyewe ni `mysqldump ... | gzip > faili`: amri ya kwanza inatoa nakala ya databesi, ya pili inaibana. Kwenye bomba la namna hiyo Linux inarudisha jibu la amri ya mwisho tu, na `gzip` kazi yake iliifanya vizuri, ilibana ilichopewa.

Wenye seva zenu, fanyeni hili leo kabla ya kulala:

`zcat bakapu.sql.gz | tail -1`

Bakapu ya `mysqldump` iliyokamilika mstari wake wa mwisho unaanza na `-- Dump completed`. Usipouona, huna bakapu, una faili tu.

#19 kimya_kingi

Nimeangalia ya ofisini kwetu. Sina la kusema hadharani.

Fundi, piga `fsck` kwenye hiyo diski irekebishe sekta mbovu.

#20 Reli ya Kati

HAPANA. Kaka, usimpe ushauri huo. Diski inayokufa haifanyiwi ukarabati juu yake. Kila unachoiandikia kinaweza kuwa cha mwisho, na `fsck` inatengeneza mpangilio wa faili, haina habari na yaliyomo ndani ya databesi.

Fundi, utaratibu wangu ni huu. Zima MySQL. Leta diski mpya mbili, ya kwanza iwe ya kunakilia. Tumia `ddrescue`, siyo `dd` wala kunakili kwa kawaida. `ddrescue` inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, halafu ndiyo inarudi kubembeleza zile ngumu, na inaandika ramani ya ilipofika, ili umeme ukikatika uendelee badala ya kuanza upya. Baada ya hapo diski ya zamani iwekwe kabatini, isiguswe tena na mtu. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Kwenye nakala washa MySQL na `innodb_force_recovery = 1`. Hapo seva haitajiua ikikutana na ukurasa mbovu. Usikimbilie namba kubwa. Kuanzia 4 na kuendelea zinaweza kuharibu data moja kwa moja, na watu hupanda hadi 6 kwa pupa kama wanaongeza sauti ya redio. Toa majedwali mazima kwanza. Lile la upimaji lisome kwa vipande vya `id`, ukifika kwenye kidonda unaruka, unaendelea ng'ambo ya pili.

Na tafuta muda ghala lisiwe na haraka. Kazi hii haitaki mtu anayekuuliza "bado tu?"

#21 MamaDagaa

Muda upo. Mwaka huu wa 2024 serikali inafunga ziwa 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaane. Ghala litapima nini?

#22 Fundi wa Mwanga

Mama umetangulia tena. Ziwa limefungwa na mimi nikaingia.

`ddrescue` ilichukua karibu diski yote bila shida, ikabaki inakwaruza sehemu ndogo ndogo mpaka nikachoka kuisikiliza. Kwa upande wa databesi hasara ni ukurasa mmoja. Ukurasa wa InnoDB ni kilobaiti 16, kwa rekodi zetu fupi ni upimaji mia na ushee, wote wa 2019. Nikampelekea Hajji habari nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Akanyanyuka, akafungua stoo ya nyuma, akanionyesha magunia ya karatasi za mizani tangu ghala lianze, zimefungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi. Tumezikuta zote isipokuwa chache zilizoliwa na panya. Mhasibu amezichapa upya.

Mfumo wenyewe sijauandika upya. Nimechukua kompyuta mpya, nikaweka Linux ya sasa, na ndani yake mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) inayoendesha ile Ubuntu 12.04 kama ilivyo, haina njia ya kutoka intaneti. Saa inapewa na mashine mama. Jedwali la wateja sasa ni InnoDB. Namba ya risiti inasomwa kwenye jedwali, kile kijifaili nimekiua. Skripti ya bakapu ina `set -o pipefail` juu, ili kosa la amri yoyote kwenye bomba lisifichike, na mwishoni inatafuta ule mstari wa kukamilika. Isipouona inamtumia mhasibu ujumbe wa simu, siyo barua pepe. Hakuna anayesoma barua pepe za seva, tusidanganyane. Nakala moja inaondoka na Hajji kila Ijumaa kwenye flashi.

#23 kimya_kingi

Ungeweka na `fake-hwclock`. Inahifadhi saa kwenye faili wakati wa kuzima, kwa hiyo hata betri ikifa tena huanzi 2010, unaanzia ulipoishia.

#24 Fundi wa Mwanga

Niliifikiria nikaikataa. Kwa kifaa cha kucheza muziki sawa. Kwa ghala linalolipa watu, saa iliyokosea kwa siku tano ni mbaya kuliko iliyokosea kwa miaka kumi na minne. Ile ya 2010 ilipiga kelele ndiyo maana tupo hapa. Ya siku tano ingeingia kwenye vitabu kimya kimya na risiti zingetoka vizuri kabisa.

Nimeweka kinyume chake. Kabla MySQL haijawaka, skripti inalinganisha saa ya mashine na muda wa rekodi ya mwisho iliyohifadhiwa. Saa ikiwa nyuma ya rekodi, MySQL haiwaki, na kwenye skrini panatokea maandishi makubwa: REKEBISHA SAA. Vijana wa mizani wanajua kusoma.

#25 Reli ya Kati

Hapo nakuunga mkono. Mimi ningeongeza kikomo cha mbele pia, saa isiwe imepita rekodi ya mwisho kwa zaidi ya miezi minne. Kipindi ziwa limefungwa kitapita bila tatizo.

#26 Fundi wa Mwanga

Imeingia.

#27 MamaDagaa

Mwanangu, nadhani ghala lenyewe nalijua, maana hilo kreti la soda nimewahi kulikalia nikisubiri malipo. Mimi nina risiti yao ya asubuhi moja ya Machi imeandikwa 2010. Mnunuzi wangu wa Dar aliikataa, akasema namletea karatasi za zamani. Nifanyeje?

#28 Fundi wa Mwanga

Loo, mama, kumbe ni wewe!

Hizo risiti hatukuzifuta wala kuzibadilisha namba, maana zipo mikononi mwa watu. Tumeongeza safu ya pili ya tarehe halisi. Kila upimaji una `id` inayopanda yenyewe bila kujali saa, kwa hiyo rekodi ya 2010 iliyokaa kati ya `id` ya Februari na ya mchana wa 1 Machi haiwezi kuwa ya siku nyingine. Tumezipanga zote kwa njia hiyo na mhasibu amezihakiki na karatasi za mizani.

Njoo nayo dirisha la mhasibu kabla ya saa saba mchana. Atakuchapia nyingine yenye namba ile ile na tarehe mbili, ya mfumo na ya kweli, na mhuri juu. Ya zamani usiitupe, ibane nyuma yake umpelekee mnunuzi zote mbili.